Mariners kabla ya mtoano: nyumbani nawaamini, ugenini bado

Nyota nne kati ya tano. Naanza na alama kwa sababu anayesoma tathmini anataka kujua kama pesa itoke mfukoni au ibaki, na jibu langu ni kwamba itoke. Kama unaishi Seattle au miji ya jirani, Kent, Renton, Tukwila, SeaTac, na hujawahi kuingia T-Mobile Park, uwanja wa timu ya besiboli ya Seattle Mariners, basi Oktoba hii ya 2025 ndiyo ya kuingia. Seattle Mariners wamemaliza msimu wa kawaida wakiwa na ushindi 90 na vipigo 72, wametwaa ubingwa wa kanda yao ya magharibi katika American League, nusu moja ya ligi kuu ya besiboli, kwa mara ya kwanza tangu 2001, na Jumamosi tarehe 4 wanafungua mtoano wakiwa nyumbani. Nyota moja nimeishikilia, na sababu yake ndiyo tunayobishania tangu msimu uishe.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Kazi yangu ni kuhudumia wazee zamu ya jioni, na besiboli imeniingia kwa redio. Ikikaribia saa moja kasoro jioni redio zinawashwa chumba baada ya chumba, sauti ya mtangazaji Rick Rizzs inasikika mpaka kwenye korido, na timu inacheza karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, mechi 162. Mchezo ukiusikia kila siku namna hiyo, unajikuta unawajua wachezaji kuliko unavyowajua majirani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama: mrushaji anarusha, mpigaji anasubiri na gongo, na mdakaji amechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea kila mpira unaopita. Mpigaji akihesabiwa makosa matatu anatoka. Akiupiga mpira ukavuka ukuta ukiwa hewani, hiyo ni homurani, anazunguka vituo vyote vinne bila mtu kumgusa. Kila anayevimaliza vituo vyote anaipatia timu yake mkimbio, yaani pointi. Awamu ni tisa, zikiisha sare zinaongezwa. Mengine utayaokota jukwaani, kwa sababu mashabiki wa hapa wanapenda kueleza, na hakuna atakayekucheka ukiuliza.

Nianze na huduma ya uwanja, maana hapo sina ugomvi mkubwa. Usafiri nausifu bila kusita. Sisi tunaacha gari kwenye maegesho ya kituo cha Angle Lake, tunapanda treni ya Link hadi kituo cha Stadium, halafu ni kutembea kidogo tu. Nauli ni dola 3 hata ukitoka mbali, na wenye miaka 18 kushuka chini hawalipi kitu. Anayetaka kuegesha gari karibu na uwanja siku ya mechi ajiandae kulipa bei itakayomuuma. Wakati wa kurudi treni zinajaa mpaka milangoni, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo akae kwenye kiti chake dakika kumi zaidi, watu wapungue kwanza.

Tiketi nunua moja kwa moja kwa timu. Niliwahi kutumia programu moja ya watu wanaouza tena tiketi. Bei iliyoandikwa mwanzo na bei niliyolipa mwisho hazikufanana hata kidogo, ada ziliingia moja baada ya nyingine. Ndani ya uwanja fedha taslimu hazipokelewi, ni kadi au simu tu. Ukienda na mzazi aliyetoka nyumbani juzi na noti zake kwenye pochi, mwambie mapema ili asione haya mbele ya muuzaji.

Kuhusu viti, mimi ni mtu wa jukwaa la juu, upande wa kituo cha kwanza. Kutoka huko unaona maghorofa ya katikati ya jiji yamesimama nyuma ya uwanja, na unaona namna walinzi wa nje wanavyojipanga upya kwa kila mpigaji, kitu ambacho televisheni haikuonyeshi. Mechi za mchana jua linawaka upande huo; asiyelipenda akae upande wa kituo cha tatu, ambako kivuli kinafika mapema. Paa linafungwa kwa dakika kumi hadi ishirini na mvua haikugusi, ila kuta za pembeni ziko wazi na upepo wa ghuba ya Puget Sound unaingia unavyotaka. Beba koti. Beba na kitenge cha kufunika magoti, hata kama asubuhi kulikuwa na joto. Treni za mizigo zinapita ubavuni mwa uwanja na honi zao zinaingia katikati ya mchezo, watoto wanazipenda.

Wahudumu wa kwenye ngazi, wengi wao watu wazima wenye nywele nyeupe, wana adabu ambayo nimeiona sehemu chache hapa Marekani. Hawakuruhusu kushuka kwenda kitini wakati mpigaji yuko kazini, ili usimzibe mtu macho. Mara ya kwanza unaona kama unazuiwa bure, kisha unapokuwa wewe ndiye uliyeketi unawashukuru.

Chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, na kwa familia yenye watoto hilo peke yake lina thamani ya nyota. Mimi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa za maji ambazo hazijafunguliwa. Lakini kuna kitu kimoja cha uwanjani ambacho mtu wa Kagera hawezi kukipita bila kusimama, nacho ni panzi wa kukaanga. Mgahawa wa Poquitos uliwaleta uwanjani mwaka 2017, kwa jina lao la Meksiko, chapulines, wamenyunyiziwa chumvi, pilipili na ndimu. Watu waliwagombania mpaka timu ikaweka kikomo cha vikombe 312 kwa mechi, namba iliyochaguliwa kumheshimu Edgar Martínez, mpigaji wa zamani wa Mariners, ambaye wastani wake wa kupiga kwa maisha yake yote ya uchezaji ulikuwa .312. Nimewala. Wamekauka vizuri na wanatafunika, ila ndimu inaifunika ladha ya mdudu mwenyewe, na hawana yale mafuta matamu ya senene wetu wa Novemba. Nawapa nyota tatu. Binti yangu amewapa tano, akawasahau tu pale mbio za samaki zilipoanza, zile mbio za vijana waliovaa mavazi ya samaki aina nne, ambapo uwanja mzima ulimshangilia Humpy kwa sababu hakuwa amewahi kushinda.

Sasa timu yenyewe.

Jumapili tarehe 28 Septemba tulikuwa uwanjani kwa mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Los Angeles Dodgers walishinda 6 kwa 1, na kwa hiyo walituchapa mechi zote tatu za wikendi ile. Siku hiyo mrushaji wao Clayton Kershaw alikuwa anarusha mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida kabla ya kustaafu, na alipotolewa, watu wa Seattle walisimama wakampigia makofi mtu aliyekuwa ametoka kuwanyima mikimbio. Nilifurahi kuwa shabiki wa timu yenye mashabiki wa aina hiyo. Kipigo chenyewe hakikuniumiza sana, kwa kuwa ubingwa wa kanda ulishapatikana Jumatano ya tarehe 24. Shemeji yangu kilimuuma.

Jumatatu tukakutana kwa Babu. Babu ni mtu wa Mombasa aliyekuja Seattle kusoma miaka ya sabini akabaki. Aliwaona Mariners tangu walipoanza 1977 ndani ya Kingdome, ule uwanja wa zege uliobomolewa mwaka 2000. Shemeji ni mdogo wa mume wangu, anaendesha lori, na mechi anazisikiliza barabarani. Chai ilipomiminwa tu, ubishi ukaanza.

"Sikizeni wanangu," Babu akasema, "Oktoba ni mwezi wa warushaji. Mwenye mpira mkononi ndiye mwenye mechi."

"Shikamoo yako nimeitoa, Babu, lakini hapo sikubali," shemeji akajibu. "Mwaka 2022 warushaji tulikuwa nao. Tulipata nini?"

Babu alinyamaza, kwa sababu wote tunaijua mechi aliyoikusudia. Tarehe 15 Oktoba 2022, mtoano dhidi ya Houston Astros, hapa hapa nyumbani. Warushaji wetu walizuia awamu 17 nzima bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Wapigaji wetu nao hawakupata hata mmoja. Awamu ya 18 Jeremy Peña akapiga homurani, Astros wakashinda 1 kwa 0, na msimu ukaisha pale. Baada ya hapo timu ilikosa mtoano 2023 kwa mechi moja, ikaukosa tena 2024 kwa mechi moja. Miaka yote hiyo ugonjwa ulikuwa ule ule, warushaji wa kiwango cha juu wakisubiri mkimbio ambao hauji.

Sehemu ya ugonjwa ni uwanja wenyewe. Hewa hapa ni nzito na baridi, hasa Aprili na Mei, na mpira ambao kwingine ungevuka ukuta unaishia kwenye glavu. Wapigaji wanakosa zaidi katika T-Mobile Park kuliko karibu viwanja vyote vya ligi. Kwa hiyo mrushaji anapapenda, mpigaji anapachukia, na uongozi kwa miaka mingi umeshindwa kuwashawishi wapigaji wakubwa waje kuishi na hali hiyo.

Mwaka huu wamepatikana, na ndiyo maana nasema tathmini ya mwaka huu haifanani na za nyuma. Mariners wamepiga homurani 238, wa tatu katika ligi yote baada ya Yankees na Dodgers. Kati ya hizo, 60 ni za mtu mmoja, Cal Raleigh.

Kuhusu Raleigh nataka nikae kidogo. Mdakaji huchuchumaa zaidi ya mara mia kwa mechi, anapigwa na mipira iliyopotea njia, anabeba kichwani mipango ya kila mrushaji dhidi ya kila mpigaji. Ndiyo maana wadakaji wengi hawategemewi kupiga. Rekodi ya homurani za mdakaji kwa msimu mmoja ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021. Raleigh aliivuka tarehe 24 Agosti. Rekodi ya mpigaji anayeweza kupiga akisimama upande wa kulia na wa kushoto pia, kama yeye, ilikuwa 54, ya Mickey Mantle tangu 1961, akaivuka. Rekodi ya klabu ilikuwa 56, ya Ken Griffey Jr., 1997 na tena 1998. Akaivuka nayo, huko Houston. Ya 60 ilikuja usiku ule ule wa tarehe 24 Septemba ubingwa wa kanda ulipopatikana. Katika historia yote ya ligi kuu ni watu saba tu waliofika 60. Na Julai alishinda shindano la homurani la nyota wa ligi huko Atlanta, baba yake akimrushia mipira na mdogo wake akidaka. Nilikuwa kazini, na wazee wawili ambao kwa kawaida hawasemezani walikuwa wameshikana mikono mbele ya televisheni.

Shemeji anaamini Raleigh ndiye timu. Mimi simpingi sana, ila nina mtu wangu mwingine, naye ni Josh Naylor.

Naylor alitoka Arizona Diamondbacks tarehe 24 Julai. Ni mnene, ni mmoja wa wachezaji wa polepole kabisa katika ligi, na tangu avae jezi ya Mariners ameiba vituo mara 19 bila kukamatwa hata mara moja. Kuiba kituo ni kukimbia kutoka kituo kimoja kwenda kingine wakati mrushaji anarusha, kabla mdakaji hajautupa mpira kukuwahi, na watu hudhani ni kazi ya wenye miguu mepesi. Naylor anaifanya kwa macho. Anamsoma mrushaji, anajua ni wakati gani mawazo ya yule mtu yako kwa mpigaji tu, na anaondoka wakati huo. Mkimtazama kutoka jukwaa la juu mtaona anavyojisogeza hatua moja moja, bila papara, na mrushaji hageuki. Akiwa na gongo pia hapendi kutoka kwa kuhesabiwa makosa matatu. Anaugusa mpira, anausukuma mahali pasipo na mtu. Timu hii ilikuwa inakosa mtu wa namna hiyo kwa miaka.

Julio Rodríguez ameanza polepole na kumaliza kwa moto, homurani 32 na vituo 30 vya kuiba, na ulinzi wake wa katikati ya uwanja ni starehe peke yake. Randy Arozarena ana 27 na 31. Jorge Polanco ana homurani 26. J.P. Crawford hana namba za kutisha, ila anawachosha warushaji kwa kukataa mipira mibaya mpaka wamrushie mizuri. Hao nawapita haraka kwa kuwa sote watatu tulikubaliana juu yao, hata chai haikupoa.

Tulikokwaruzana ni kwa Eugenio Suárez. Alirudi Seattle mwishoni mwa Julai, naye kutoka Arizona, baada ya kuwa hapa 2022 na 2023. Mashabiki wanampenda kwa tabasamu lake na kwa homurani 49 alizopiga mwaka huu kwa jumla. Lakini 36 alizipiga kabla ya kuja. Hapa amepiga 13, na wastani wake ni .189, maana yake katika kila majaribio kumi hafikishi mapigo safi mawili. Shemeji anasema mtu wa homurani 49 hutakiwi kumgusa, Oktoba inahitaji pigo moja tu. Mimi nasema katika mtoano utakutana na warushaji bora watupu, na mpigaji anayekosa mara nyingi namna hiyo anawapa pumziko. Ningemshusha chini kwenye orodha ya wapigaji, nisimuondoe. Babu aliniunga mkono, kisha akaongeza kwamba kocha Dan Wilson alikuwa mdakaji wa timu hii hii miaka ya tisini, anajua kuvumilia watu, na uvumilivu wake ndio uliotufikisha hapa.

Warushaji sasa. Hapa Babu alikuwa na uchungu, na mimi pia. Bryan Woo amekuwa bora wetu mwaka mzima: ushindi 15, vipigo 7, wastani wa mikimbio 2.94 anayoruhusu kwa awamu tisa, na katika mechi zake 25 za kwanza hakuna hata moja aliyotoka kabla ya kumaliza awamu sita. Tarehe 19 Septemba, Houston, msuli wa kifua ukamuuma, na tangu siku hiyo hajarusha. Mtu kama huyo akikosekana, kila mmoja anasogezwa nafasi moja juu, na udhaifu unaonekana mwisho wa foleni. Logan Gilbert na George Kirby wote walianza msimu au kuukatiza kwa majeraha. Gilbert amerudi vizuri. Kirby siku moja hapigiki, siku nyingine anapigwa mapema. Bryce Miller alisumbuliwa na kiwiko na wastani wake umefika 5.68. Luis Castillo akiwa nyumbani ni mtu mwingine kabisa; mashabiki wanalitaja jina lake kwa wimbo tangu anapotoka kupasha mwili. Ugenini wimbo haupo na namba zake zinapanda.

Na hiyo ndiyo nyota niliyoibakiza. Nyumbani Mariners wameshinda 51 na kupoteza 30. Ugenini wameshinda 39 na kupoteza 42. Timu bingwa wa kanda ambayo ugenini inapoteza zaidi ya inavyoshinda! Sababu naiona wazi. Warushaji wetu wamezoea uwanja unaowasamehe. Mpira uliopigwa juu wanautazama kwa utulivu, wakijua hewa itaurudisha. Ukienda Toronto au New York hewa haiurudishi, na mrushaji anayeliona hilo mara mbili anaanza kukwepa katikati, anawapa wapigaji njia ya bure, na vituo vinajaa. Huo ni udhaifu ambao homurani 238 zimeuficha, haujapona.

Kinachonipa moyo ni ile wikendi ya Houston yenyewe. Walikwenda kwa Astros tarehe 19, 20 na 21 Septemba huku ubingwa wa kanda ukiwa hatarini, wakashinda mechi zote tatu kwenye uwanja ambao umetutesa kwa miaka mingi. Mechi ya tarehe 20 iliisha kwa Victor Robles kujirusha mbele na kudaka mpira uliokuwa unaanguka, kisha akautupa haraka ukamnasa na mkimbiaji aliyekuwa ameshaondoka kituoni. Nilipiga kelele nikiwa jikoni. Timu isiyo na roho haishindi namna hiyo ugenini.

Mwisho wa mchezo pia tuko salama. Andrés Muñoz amelinda ushindi mpaka mwisho katika mechi 38 kwa mpira wa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa na mwingine unaopinda dakika ya mwisho. Kabla yake kuna Matt Brash, Gabe Speier na Eduard Bazardo. Tukifika awamu ya saba tukiongoza, silali na wasiwasi.

Kuna na suala la yule mchawi, ambalo wenzangu wa Dar wameniuliza kwa ujumbe. Ni kweli: mwanzoni mwa Septemba timu ilipokuwa inayumba, shabiki mmoja alimlipa mchawi kupitia mtandao wa Etsy aisafishie timu njia, na Mariners wakashinda mechi 10 mfululizo. Watu wakaanza kuja uwanjani na kofia za kichawi zenye ncha. Sisi tuliokulia na habari za kamati za ufundi za vilabu vyetu vya soka hatukushangaa sana. Shemeji alitaka tuchangie awamu ya pili. Mimi ni mtu wa kanisani, nilikataa, na nilimwambia wazi kwamba Septemba ile ilikuwa ya Naylor na Rodríguez na ya warushaji waliopata nafuu kwa wakati. Tusiwanyang'anye vijana jasho lao.

Babu ana hofu moja ambayo naiheshimu. Kwa kushika nafasi ya pili kati ya mabingwa wa kanda katika ligi yao, Mariners wamepewa mapumziko ya siku tano wakati Detroit Tigers na Cleveland Guardians wanamalizana wao kwa wao. Mshindi ndiye atakuja hapa. Babu anasema mpigaji asiyeona mpira wa kweli siku tano macho yake yanazubaa. Mimi nikitazama magoti ya Raleigh baada ya msimu mzima wa kuchuchumaa, nasema hizo siku tano ni zawadi. Kama ni Tigers watakaokuja, hofu yangu ni Tarik Skubal, mrushaji wao wa mkono wa kushoto, maana mbele ya mtu kama huyo ndipo ule ugonjwa wa kutolewa kwa makosa matatu unapoweza kurudi kwa timu nzima.

Kwa hiyo, ununue tiketi ipi? Duru hii ni mechi tano, anayewahi kushinda tatu anapita. Mbili za kwanza ziko hapa, Jumamosi na Jumapili. Mbili zinazofuata ni ugenini. Ya tano, ikihitajika, inarudi Seattle Ijumaa tarehe 10. Bei za mtoano ni kubwa kuliko za msimu wa kawaida, na kwa familia ya watu wanne ni mzigo. Kama pesa yako ni ya kwenda mara moja, nenda Jumamosi, jukwaa la juu, ingia mapema watoto waone wapigaji wakipasha, na usibaki nje kwenye foleni ya chakula Raleigh akikaribia zamu yake ya kupiga. Tuzo ya ubora wa ulinzi aliyoipata mwaka jana ilikuwa ya juu kuliko zote katika ligi yake, basi mtazameni hata akiwa hana gongo.

Shemeji anasema tutamaliza kwa mechi tatu. Babu anasema nne. Mimi, kwa hesabu ya nyumbani na ugenini niliyowaeleza, naona tutashinda moja hapa mwanzoni, tutahangaika huko, kisha tutarudi kumalizia kwetu. Zamu yangu ya tarehe 10 nimeshabadilishana na mwenzangu.